Upande wa Chini wa Meza

Ghorofa ya tatu, chumba cha kazi
4 Machi

Dada yangu Meneja,

Salamu kwanza, maana nikianza na ombi utasema nimekukumbuka kwa shida. Hujambo? Shemeji hajambo? Mguu wake umepona? Mimi ni mzima, ila vidole vimejaa gundi na jana nimechana nywele kwa uma.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu mambo yetu unayajua. Kwenye simu tunagombana kabla salamu hazijaisha, halafu kila mmoja anadai mwenzake ndiye aliyekata.

Nina habari, kaa chini. Jumba la sanaa limenipa ukumbi mzima. Siyo ile kona ya karibu na choo waliyonipa mwaka juzi, ukumbi mzima na madirisha yake. Maonyesho yanaitwa Kimo cha Goti. Kila kitu nimekitengeneza kwa ukubwa niliokiona nao nikiwa na miaka mitano. Kitasa cha mlango hukifikii hata ukiruka. Kijiko kinanizidi urefu. Kuna sufuria ambayo mtu mzima anaingia na kukaa. Kitambaa cha meza kinaning'inia kutoka darini hadi sakafuni, na watu watavua viatu mlangoni, watatambaa chini yake na kucheza. Msimamizi wa jumba alijaribu juzi, mzee wa watu na tai yake shingoni, akakwama ndani ya sufuria, akacheka mpaka tukamvuta kwa mikono.

Pembeni ya kila kazi tunaweka kibao kidogo: jina lake, imetengenezwa kwa kitu gani, na nani kaitengeneza. Mbao, pamba, waya, gundi. Lazima useme ukweli, hata kama umegandisha kwa mate unaandika mate.

Sasa ombi. Naomba uniazime meza ya mama, hiyo iliyo jikoni kwako. Vyote pale ni vya kuiga, nataka meza tu iwe yenyewe, chini ya kitambaa, katikati. Nitumie kama ilivyo, na makovu yake yote.

Mdogo wako,
Kiroboto


Karakana
11 Machi

Kiroboto,

Sisi ni wazima. Mguu wa shemeji yako umepona, kilichobaki kumsumbua ni mdomo.

Habari zako nilikuwa nazo hata kabla ya barua. Mwalimu mmoja alileta viti vyake nivipake vanishi, amevifunga kwa magazeti. Nafungua gazeti, nakuta uso wako. Nikasema, jamani, mtoto wetu! Nikaita mafundi wote waje waone. Ndipo nikasoma maandishi ya chini ya picha, mbele ya mafundi wangu, kwa sauti: "Msanii akiwa na pacha wake." Nikakaa. Kiti chenyewe kilikuwa cha mwalimu, miguu imelegea, kikaniangusha.

Hebu nieleze. Siku unazaliwa mimi nilikuwepo, ndiye niliyetumwa kuchemsha maji. Alitoka mtoto mmoja. Huyo pacha alipitia mlango gani?

Namjua, usijisumbue. Ni yule mtoto wa jirani aliyekuja kwetu asubuhi na kurudi kwao usiku akiwa amelala begani kwangu. Begani kwangu mimi, Kiroboto, siyo kwako. Leo ni daktari wa meno, ana koti jeupe, na amesimama kwenye gazeti ameshika kiuno chako kana kwamba mmetoka tumbo moja. Kucheka kwake nakujua. Tangu utoto anaonyesha meno yote, labda ndiyo maana aliona ayafanyie kazi.

Nimeiangalia picha kwa miwani na bila miwani. Chini ya kitambaa kuna watoto wawili wa matambara, wewe na yeye. Pembeni kuna miguu ya mama, mikubwa, na kandambili zake. Mama umemweka, na sawa, ni mama. Jirani umemweka. Sufuria umeiweka! Nimeigeuza picha juu chini, mimi simo.

Usiseme nina wivu. Nauliza tu, kama mtu aliyekuwa anaishi kwenye ile nyumba. Na ule mchezo wenu wa hospitali ya vijiko niliuanzisha mimi, pengine umesahau. Nilikuwa nacheza na nyie chini pale. Mkaja kunifukuza baadaye. Nikitoka kidogo kwenda kuanua nguo, nikirudi mmenyamaza kimya, kama vile polisi ameingia. Mlikuwa mnanisema, najua.

Meza ina kazi hapa. Tunaitumia kulia chakula.

Dada yako, wa pekee, kama mtu atauliza,
Meneja


Chumba cha kazi
17 Machi

Dada,

Nimecheka mpaka mpangaji wa chini akagonga dari. "Alipitia mlango gani." Pacha nimemsomea, naye mbavu hana.

Pacha ni jina tu, tulijiita wenyewe tukiwa wadogo. Mwandishi wa gazeti alisikia namwita hivyo, akaandika. Nitamwomba asahihishe, ila sidhani kama gazeti litatoa toleo maalumu kwa ajili yako.

Lakini Dada, tusitiane mchanga machoni. Wewe hujawahi kuingia chini ya meza. Hata siku moja. Tulikuwa tunakuita, "Meneja, njoo, kuna mgonjwa," nawe unasema una kazi. Hospitali ya vijiko tuliianzisha mimi na Pacha siku kijiko cha uji kilipopinda. Sisemi kwa ubaya. Maonyesho haya ni ya kumbukumbu, nikianza kuweka mambo ambayo hayakuwepo ili kumfurahisha kila mtu, nitakuwa nimetengeneza duka la wanasesere.

Pacha ndiye atakayekata utepe siku ya ufunguzi. Nakuambia mapema ili usije ukasikia kwa mwalimu wa viti.

Meza bado naiomba. Ipo sababu ambayo sikuambii, utaiona ukija, na ukishaiona utajuta kuninunia. Dereva wa jumba atapita kwako Alhamisi. Chakula mnaweza kulia mapajani, kama sisi tulivyokuwa tunafanya mama akiwa kazini.

Nakupenda hata ukivimba,
Kiroboto


Karakana
24 Machi

Mpendwa mdogo wangu,

Hongera tena kwa maonyesho. Hongera pia kwa daktari kwa kupewa mkasi.

Meza imeondoka leo na dereva. Nimeifunga vizuri kwa mablanketi. Nisingeweza kukubali kitu cha kutoka karakana yangu kiende kukaa mbele ya watu kikiwa na sura ile, kwa hiyo nimeifanyia kazi. Nimeipiga msasa yote, juu, miguuni na upande wa chini, nikaipaka vanishi ya kung'aa mara mbili. Upande wa chini ndio ulikuwa umechafuka hasa, chaki chaki na mikwaruzo, mtu angedhani tuliiokota dampo. Sasa unaweza kujitazama humo ukachana nywele, kwa kitana safari hii.

Usinishukuru. Ni kazi ya mtu aliyekuwa na kazi.

Ufunguzi sitaweza kuja. Viti vya mwalimu vinanisubiri.

Dada yako,
Meneja


Kliniki ya meno
2 Aprili

Dada,

Shikamoo. Ninakuita Dada kwa sababu sijawahi kukuita jina lingine, na najua halikupendezi kutoka mdomoni mwangu. Nivumilie leo tu.

Kiroboto hajui kama nakuandikia. Tangu meza ifike hajasema maneno kumi. Siku ile dereva alipoishusha tuliivua mablanketi pamoja, alikuwa anaruka ruka kama jina lake. Aliingia chini kwa kutambaa, akalala chali. Nikasubiri anicheke, maana alikuwa ameniahidi kwamba nitalia nikiona. Nikaingia na mimi. Palikuwa panang'aa, na palinuka vanishi. Akalala pale hadi mlinzi alipokuja kufunga, halafu akasema, "Ameifuta," basi.

Huenda ulidhani ni uchafu. Mimi nataka kuamini hivyo. Kwa hiyo nakueleza kilichokuwepo, kwa kuwa mimi pia nilichora.

Kila mchezo wetu tuliuchora pale juu ya vichwa vyetu. Mama yako alikuwa anatuletea vipande vya chaki kutoka hospitalini, vile walivyoandikia ubao wa wodini. Palikuwa na vijiko wagonjwa, na mimi na Kiroboto tumeshikana mikono. Na kila mahali, kwenye kila mchoro, palikuwa na miguu miwili mirefu yenye kandambili.

Dada, miguu ile ni yako. Ile mikubwa iliyosimama ukumbini pia ni yako. Kandambili zilikuwa za mama yenu, ndiyo, lakini mama yenu zilimtosha. Wewe ndiye uliyezifunga kwa utepe mwekundu wa kitambaa, zisikutoke ukibeba sufuria. Gazeti halina rangi, kwa hiyo utepe hukuuona. Chini ya meza tulikuwa tunauchora kwa chaki nyekundu, fundo dogo kwenye kila kifundo cha mguu. Chaki nyekundu ilikuwa moja tu, na tulikubaliana isitumike kwa kitu kingine.

Umeandika kwamba ukitoka ukirudi ulikuta tumenyamaza. Kiroboto alinisomea, tukacheka, baadaye nikashindwa kulala. Hatukuwa tunakusema. Miguu ikiondoka, mchezo ulikuwa unasimama. Tulikaa kimya tukisikiliza kama kandambili zinarudi. Zikirudi, wagonjwa wanaendelea kutibiwa.

Kwetu unapajua palivyokuwa. Nyumba ilikuwa kubwa, na nikitazama kutoka chini ya meza ya kwetu naona viti tu. Roho ilikuwa inaniuma kwamba miguu ile ni ya Kiroboto na siyo yangu. Usiku nikiwa begani kwako nilijifanya nimelala, ningeweza kabisa kutembea.

Hiyo ndiyo sababu aliyokuficha.

Wako kwa heshima,
Pacha


Karakana
8 Aprili

Kiroboto,

Barua ya daktari nimeipata. Usimgombeze.

Aliniachia pa kupumulia, akasema huenda nilidhani ni uchafu. Ningelikubali neno hilo tukaendelea kuishi. Lakini wewe ni mdogo wangu, na miye si mtu wa kujificha nyuma ya maneno ya mtu mwingine.

Nilijua. Mafundi walipoondoka niliigeuza meza miguu juu, nikaiwashia taa. Nikaona yote. Miaka yote hii nimekula juu ya meza ile, sikuwahi kuinama. Mara ya kwanza nilifurahi, kweli tena, nikasema kumbe zile kelele ndizo hizi. Kisha nikaanza kujitafuta. Nilianza pembe moja, nikamaliza pembe ya nne. Wewe na yeye, wewe na yeye, kijiko, wewe na yeye, na miguu ya mama. Nikasoma tena pale ulipoandika "hujawahi kuingia." Nikachukua msasa.

Niliona wivu, Kiroboto. Nilikuwa na roho mbaya iliyosimama wima. Nikaanza na uso wake yule na meno yake, halafu mkono wako ulioshika wake, halafu sikuchagua tena. Zile alama nyekundu niliziona, nikadhani ni vidonda, si mlikuwa na hospitali. Nikafuta hata vidonda. Nilipiga vanishi huku naimba.

Sikuijua miguu yangu mwenyewe. Nani hutazama miguu yake akiwa na sufuria mkononi? Nimekumbuka utepe baada ya kusoma. Niliukata kwenye pindo la gauni langu lililonibana, na mama alinigombeza kwa gauni, siyo kwa kandambili.

Nilidanganya pia kwamba nilicheza. Sikucheza. Mlikuwa mnaniita, nilisikia. Nilikuwa na miaka kumi na moja, uji uko motoni, mama amelala baada ya zamu, nikaona nikiingia chini pale nani atabaki juu. Na niliwachukia mlivyokuwa mnacheka, nikaichukia meza, nikaichukua nilipoolewa ili asiichukue mwingine. Mpaka leo hii naandika, nikifikiria kwamba yeye alilala chini pale nawe na mimi sikulala, bado naona wivu. Sijapona. Nakuambia ili usije ukadhani barua ya daktari imenifanya malaika.

Nimeipiga msasa mbao ile hadi kwenye uhai wake. Hakuna fundi atakayekirudisha kilichokuwepo. Kama unataka meza irudi huku, mwambie dereva. Kama unataka kuichoma, ni ya mama yako pia.

Nimewaza kuomba kitu na nikaona haya. Nitaomba hivyo hivyo. Kuchora sijui. Lakini najua mlivyokuwa mnaonekana kutoka juu: kitambaa kinatikisika, na visigino vinne vimetokeza nje, vichafu, vya kwako na vya kwake, sikuwahi kujua vipi ni vya nani. Hivyo naweza kuvichora, kama bado kuna mahali na kama kuna chaki.

Viti vya mwalimu nilivimaliza zamani. Nilikudanganya na hilo.

Meneja


Jumba la sanaa
13 Aprili

Meneja,

Nimesoma mara moja, sirudii. Sijakusamehe, na usinitumie shemeji kuja kuniombea. Nilitaka uingie ukumbini, uione miguu, halafu nikushike mkono nikuingize chini, nikuambie tazama juu. Nilikuwa nimeisubiri siku hiyo kuliko ufunguzi wenyewe. Umeifuta na siku hiyo.

Meza haitarudi kwako na sitaichoma. Ipo katikati ya ukumbi, kama nilivyopanga. Nililala chini yake tena jana. Umeipiga kwa hasira, inaonekana, kuna sehemu umechimba hadi kuna bonde, hasa pale palipokuwa na uso wa Pacha. Msasa wenyewe umekuwa mchoro. Nilitaka kuuchukia ule mchoro nikashindwa.

Kibao chake nimekiandika mwenyewe, kimeshabandikwa:

UPANDE WA CHINI
Mbao, chaki, msasa, wivu.
Kazi ya dada wa msanii.

Msimamizi aliniuliza kama neno la mwisho kwenye orodha limekosewa. Nikamwambia halijakosewa, ndilo lililotumika kwa wingi kuliko yote.

Ufunguzi ni Jumamosi, saa nne asubuhi. Utepe anakata Pacha, hilo halibadiliki, nuna unavyotaka. Visigino vyenye ufa ni vya kwake, kwa hiyo usije ukanichorea mimi.

Chaki nimeweka ndani ya sufuria kubwa. Viatu unavua mlangoni kama kila mtu. Chini pale panatosha watu wawili, tutajibana watatu.

Kiroboto